Mteja ananiuliza kama ofisi yetu iko gereji. Nifanyie wapi kazi Dar?

Dada mpendwa, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miaka minne, naishi Tabata Segerea na mume wangu. Tangu mwaka jana nimeajiriwa na kampuni moja ya Nairobi inayouza taa za sola kwa mkopo. Wateja wao wengi wako huku Tanzania, na mimi ni mmoja wa dada tunaowahudumia. Asubuhi napokea simu, mchana najibu ujumbe wa WhatsApp na barua pepe, jioni naandika taarifa ya malalamiko ya siku. Ofisi hakuna. Kompyuta wamenipa wao, bando najinunulia. Mshahara ni 900,000 na unaingia kwa wakati, namshukuru Mungu.

Shida yangu ni mahali pa kukaa. Nyumba yetu ni vyumba viwili na sebule. Mama mkwe amekuja kutoka Songea kwa matibabu ya macho, analala chumba cha mtoto, na humo ndimo nilikuwa nimeweka meza yangu. Nimehamia sebuleni. Televisheni inawaka tangu asubuhi, wageni wa kumjulia hali mama wanaingia na kutoka, na kila mtu ananiona nipo tu. "Mwanangu, hebu nipashie maji ya kuoga." "Shemeji, gesi imeisha, agiza." Jirani akitarajia mzigo wake anaelekeza uletwe kwangu. Nikisema niko kazini wanacheka, maana kazi wanayoijua wao mtu anaiendea akiwa amevaa viatu.

Nyuma ya ukuta kuna fundi wa mageti. Akiwasha grinda, mteja hasikii kitu. Juzi baba mmoja wa Kasulu aliniuliza, "Dada, kwani ofisi yenu iko gereji?" Msimamizi wangu husikiliza simu zilizorekodiwa. Mara ya kwanza aliniandikia kwa upole, mara ya pili hakuwa mpole.

Nimejaribu kutoka. Nilikwenda mgahawa mmoja upande wa Mlimani. Kahawa, maji, chakula cha mchana na nauli vilinimalizia karibu 20,000 kwa siku moja, na muziki ulikuwa juu hadi nikawa napokea simu chooni. Mhudumu kila akipita, "Dada, tukuongezee nini?" Nikaona aibu, nikaondoka kazi haijaisha. Rafiki yangu ananishauri nichukue chumba cha lodge hapa mtaani, mchana tu, eti ni 15,000 na kuna feni.

Mume wangu anasema nitafute mahali, yeye hana tatizo. Lakini juzi aliponiona nimevaa nikabeba begi, akaniuliza, "Leo tena?" Na mama mkwe aliuliza mbele ya wageni, mwanamke mwenye mtoto anashinda wapi kutwa nzima. Sitaki ugomvi, na kazi hii siwezi kuipoteza. Dar ni kubwa hivi, dada. Mtu wa kipato changu anafanyia wapi kazi?

Mama wa Segerea

*

Marahaba, mdogo wangu. Pole na kazi, na umpe pole mama kwa macho yake.

Naanza na lile la lodge kwa sababu ndilo linaloweza kukuharibia haraka kuliko yote. Usiende. Chumba kinaweza kuwa safi na kimya, na wewe ukawa humo na hedifoni yako unamwelekeza mtu wa Kasulu namna ya kuwasha taa yake. Mtaa hautaiona hiyo hedifoni. Utaona mke wa mtu anaingia lodge saa mbili asubuhi na kutoka jioni, na habari zitafika kwako kabla hujafika mwenyewe. Kwa mwanamke aliyeko safarini mkoa mwingine, chumba cha kulala wageni ni ofisi nzuri tu. Kwa mwenyeji wa Segerea, mtaani kwake, mchana, hapana. Si haki, lakini ndivyo tunavyoishi, na wewe una ndoa na kazi za kulinda kwa pamoja.

Sasa tuje kwenye swali lako. Ulichonieleza ni kazi mbili zilizo ndani ya mshahara mmoja. Ya simu inataka mlango unaofungika, mtandao usioyumba, na mahali ambapo wewe kuongea hakumsumbui mtu. Ya maandishi inataka meza, soketi na watu wengine wanyamaze. Ukitafuta sehemu moja ya bei nafuu itakayokupa vyote hivi, utazunguka Dar nzima na kurudi umechoka. Maktaba itakutoa nje ukisema "haloo" ya kwanza. Mgahawani unaruhusiwa kuongea, ila na wenzio nao wanaongea, na mashine ya juisi inasaga. Ndiyo maana kila unapokwenda panakufaa nusu siku tu.

Na nusu siku huwezi kuhama. Kutoka Segerea kwenda mjini saa sita mchana, ukipita foleni ya Tabata Relini na ile ya Buguruni, unafika meseji zimeshajaa na msimamizi anauliza uko wapi.

Kwa hiyo usigawe siku, gawa wiki. Umeandika "dada tunaowahudumia", maana yake mko wengi. Mwandikie msimamizi wako umwombe akupange kwenye simu kutwa nzima kwa siku tatu, tuseme Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na siku mbili zilizobaki akupe ujumbe na barua pepe kutwa. Mwenzako mmoja achukue kinyume chake. Usimwandikie kama mtu anayelalamikia nyumba yake. Mwambie hivi: "Nimesikia ulichosema kuhusu kelele. Nikipangiwa hivi, nina chumba kimya kwa siku za simu, na rekodi zitakuwa safi kuanzia wiki ijayo." Msimamizi aliyekwisha kukuonya mara mbili anasubiri uje na suluhisho. Akikataa kabisa, utabaki na mpango wa chumba cha karibu na nyumbani kwa wiki nzima, nitakueleza chini. Lakini omba kwanza.

Siku za maandishi, nenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Najua wengi tuliiacha tulipomaliza shule. Mwalimu Nyerere aliifungua mwaka 1967, iko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na hadi leo sijaona katikati ya jiji mahali pengine ambapo mtu mzima anaweza kukaa mezani kutwa nzima bila kuulizwa aongezewe nini. Uliza mapokezi kuhusu ada: ya siku ni ipi na ya uanachama wa mwaka ni ipi, kisha piga hesabu ya siku mbili kwa wiki uone ipi inakufaa. Uliza pia saa za Jumamosi.

Fika mapema. Anayeingia kabla ya saa tatu anachagua meza, anayeingia saa tano anapewa iliyobaki, na iliyobaki huwa haina soketi. Tafuta meza za ukutani, beba waya wako wa ekstensheni mfupi, na toka nyumbani betri ikiwa imejaa. Maktaba nyingi hutaka begi libaki mlangoni, kwa hiyo kompyuta iwe kwenye mfuko wake mwembamba ambao unaweza kuingia nao mkononi, na simu, pochi na vitambulisho usiviache kwenye begi. Chakula ni nje. Mjini kuna mama lishe wa kutosha, sahani ya wali maharage na mchicha haitakuumiza kama ile ya mgahawani. Kama unataka kupumzisha macho baada ya kula, Bustani ya Mimea pale jirani na Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ina miti iliyoanza kupandwa tangu enzi za Wajerumani na kivuli cha kweli. Kaa ule hewa. Kompyuta usiifungue pale, benchi la wazi si mahali pake.

Angalizo moja: Mei na Novemba viti huwa vya kugombania. Novemba ni kidato cha nne, Mei ni kidato cha sita, na watahiniwa wa bodi ya uhasibu nao wanakuwa wanakesha na vitabu vyao miezi hiyo hiyo. Wale watoto wana haki na zile meza kuliko mimi na wewe. Miezi hiyo jipange kubaki karibu na nyumbani, au uende mjini asubuhi sana.

Msomaji wa Kimara na Mbezi anayefuatilia hapa, wewe una bahati: mwendokasi inakushusha Kisutu, unamalizia kwa miguu. Na walioko Mwanza, Arusha, Moshi au Tanga, bodi hiyo hiyo ina maktaba za mikoa, nyingi zina nafasi kuliko ya Dar.

Kuna pia maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2018. Inachukua wasomaji zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja. Lakini ni ya chuo, imejengwa kwa ajili ya wanafunzi na walimu wao, hivyo mtu wa nje lazima aulize utaratibu na ada kabla ya kupanda gari. Kama umesoma pale, uliza kama wahitimu wana mpango wao.

Ofisi za pamoja, zile za kukodi meza kwa siku au kwa mwezi, zipo Masaki, Msasani, mjini na Kijitonyama. Ni nzuri, nyingi zina jenereta na vyumba vidogo vya simu. Kwa mshahara wako na kutoka Segerea, magari mawili kwenda na mawili kurudi, kila siku haiwezekani. Iweke akiba kwa siku maalumu: mafunzo ya video ya siku nzima, usaili, au siku Segerea umeme umekatika tangu alfajiri. Kabla hujalipa uliza mambo matatu tu, kama simu zinaruhusiwa mezani, kama chumba cha simu kina bei yake ya ziada, na kama jenereta inabeba na intaneti. Wengine watakutajia Buni, kituo kilicho ndani ya COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Sayansi, Kijitonyama. Kile ni cha kulea wabunifu wa teknolojia wenye miradi yao, kwa hiyo kama siku moja wewe na wenzako mtakuwa na wazo la programu yenu, hapo ndipo pa kubisha hodi. Kwa meza ya kujibia wateja, si hapo.

Mgahawa usiufute kabisa, ila utumie kwa adabu yake na usiufanye ofisi. Piga hesabu ile 20,000 yako mara siku 22 za kazi: ni 440,000, karibu nusu ya mshahara. Hakuna kahawa ya hivyo. Ukiwa na dharura ya saa mbili tatu, ingia kati ya saa tatu na saa sita asubuhi, wakati meza ziko wazi, chukua ya watu wawili na si ya wanne, agiza kitu unapoketi na kingine katikati, na inuka kabla ya saa saba wanapoingia wateja wa chakula. Zungumza na meneja siku ya kwanza, mwambie unafanya kazi na utakaa hadi saa ngapi. Yule mhudumu aliyekuwa anakuuliza hakuwa na nia mbaya. Meza zake ndizo zinazomlipa, na wewe ulikuwa umekaa kwenye moja bila yeye kujua utaondoka saa ngapi.

Sasa siku za simu. Hizi zifanyike Segerea, umbali wa kutembea kwa miguu, na hapa ndipo nataka utulie unisikilize.

Toka siku moja bila kompyuta, pita barabara ya mtaani kwako polepole, uangalie fremu. Utaona steshenari, wakala wa bima, ofisi ya dalali, duka la vipodozi lenye stoo nyuma, mwanasheria anayekuja mara mbili kwa wiki. Fremu za Dar mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka mkononi, na wafanyabiashara wengi wadogo wanaumia kuikusanya. Mtu wa namna hiyo ana chumba cha nyuma kisicho na kazi, na wewe una fedha ya kila mwezi. Mfuate mwenye steshenari, mama mtu mzima kama inawezekana, mweleze: nahitaji meza na kiti, siku tatu kwa wiki, saa mbili asubuhi hadi kumi na moja jioni, sipokei wageni, napokea simu tu. Mimi ningeanza na 50,000 kwa mwezi na kuchangia LUKU. Anaweza kutaka zaidi kidogo, mtaelewana.

Kabla ya kutoa shilingi, kaa kwenye chumba hicho saa moja ya asubuhi ya kawaida. Piga simu kwa mtu unayemwamini, mwulize anasikia nini. Mashine ya fotokopi inasikika? Duka la pembeni linapiga muziki? Jaribu laini zako, maana mtandao unaoshika nje barabarani unaweza kufa kabisa ndani ya chumba cha nyuma chenye ukuta mnene na bati juu. Angalia choo kiko wapi na funguo ziko kwa nani. Angalia kama kuna dirisha, kwa sababu Januari na Februari chumba kisicho na dirisha kitakutoa mapema. Ukuta mtupu unafanya sauti ijirudie, tundika khanga mbili nzito au pazia nyuma yako, utasikia tofauti siku hiyo hiyo. Halafu muandikiane karatasi, hata ya daftari: kiasi, siku, saa, nani analipa LUKU, taarifa ya mwezi mmoja kabla ya kuondoka. Lipa kwa simu ili kumbukumbu ibaki.

Kama fremu haipatikani, uliza parokiani au usharikani kwenu, au ofisi ya madrasa, kama mna chumba kisichotumika asubuhi. Sehemu za ibada zina vyumba vinavyokaa vimefungwa Jumatatu hadi Ijumaa, na mama mkwe hatakuwa na swali hata moja.

Jambo jingine, nunua hedifoni nzuri yenye maiki inayokata kelele, ile ya wahudumu wa simu yenye mkono unaokuja mdomoni. Ijaribu dukani: mwambie muuzaji asimame karibu yako aongee kwa sauti wakati unampigia mumeo, na mumeo akueleze anamsikia nani. Inaweza kuokoa hata siku utakazolazimika kubaki nyumbani. Na nenda kamsalimie yule fundi wa mageti. Huwezi kumwambia asifanye kazi, anatafuta riziki kama wewe. Ila mwulize anaanza kukata vyuma saa ngapi na kama siku fulani asubuhi anaweza kuanza na kupaka rangi au kupima. Mafundi wengi hawajui kwamba nyuma ya ukuta kuna mtu anayepokea simu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia.

Ukiwa nje ya nyumba, kumbuka kompyuta ile ina majina, namba na madeni ya watu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na aliyekupa taarifa zake akiwa na shida ya taa hakukupa ili zisomwe na mtu wa meza ya pili. Kaa mgongo ukutani. Ukisimama, funga skrini. Usitaje jina kamili na namba ya mteja kwa sauti panapokuwa na watu. Wi-Fi ya bure tumia kusomea habari, akaunti za kazi fungulia bando lako. Na kama kampuni inakutaka uingie kwa VPN, ile njia ya faragha ya kuingia kwenye mtandao wao, waombe wakusaidie utaratibu wa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kwa sababu mamlaka ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN wawasilishe taarifa zao. Usisubiri uulizwe.

Njiani, kompyuta ibebe kwenye begi la kawaida, si lile jeusi linalopiga kelele kwamba ndani kuna kompyuta. Barabarani libebe upande wa ndani, mbali na pikipiki. Toka mjini mapema kabla giza halijaingia, vituo vya jioni watu wanagombania milango na vibaka wanapenda wakati huo.

Kuhusu fedha, jiwekee kikomo. Kwa mshahara wako mimi nisingepita 120,000 kwa mwezi kwa yote: meza ya mtaani, LUKU, nauli za mjini, ada ya maktaba na chakula cha siku hizo. Halafu, rekodi zikishakuwa safi mwezi mmoja au miwili, mwandikie mwajiri umwombe achangie bando na meza. Ofisi angekuwa anailipia kodi, umeme na mlinzi, na wewe umemwondolea hayo yote. Mwonyeshe hesabu kwenye karatasi moja. Akikupa nusu, umepata.

Nimeacha nyumbani mwisho kwa sababu ndiko kulikofunga koo lako hata kwenye barua. Meza nzuri kiasi gani haitakusaidia kama kila asubuhi unatoka kama mtu anayetoroka.

Zungumza na mumeo kwanza, peke yenu, usiku mtoto amelala. Usimjibu lile "Leo tena?" kwa ukali. Mtu anayeuliza hivyo hajui mke wake anakwenda wapi, na hilo linamuuma hata kama mdomoni anasema hana tatizo. Mwonyeshe mahali. Jumamosi mpeleke akione chumba cha steshenari, asalimiane na mwenye duka. Mpe ratiba ya wiki, siku zipi uko mtaani na siku zipi uko Bibi Titi. Mwonyeshe na ile barua ya pili ya msimamizi, ajue kazi inaning'inia wapi. Mwanamume akiwa na picha kamili, watu wa nje wakimletea maneno atakuwa na jibu mdomoni kabla yako.

Kisha yeye ndiye azungumze na mama yake. Si wewe. Ukimwambia wewe, hata kwa heshima zote, itasikika mkwe anamwekea mama masharti ndani ya nyumba ya mwanawe. Akisema mwanawe, "Mama, mke wangu ameajiriwa, saa zake ni hizi, na mshahara wake unachangia dawa zako na ada ya mtoto," maneno yanaingia vingine. Wewe fanya yaliyo upande wako: kabla ya kutoka, mama awe amesalimiwa, chai iko kwenye chupa, maji ya kuoga yapo, dawa za macho zimewekwa anapozifikia. Zungumzeni pia na binti wa jirani au ndugu atakayekuwa naye saa hizo, mlipe kitu kidogo, kwa sababu mgonjwa wa macho asiachwe na mtoto wa miaka minne. Hiyo nayo iingie kwenye bajeti ya nyumba, si kwenye mshahara wako peke yako.

Na jioni moja, kama kuna simu ya mwisho ya kumalizia, ipokee karibu na mama. Hedifoni weka pembeni kwa simu hiyo moja ya kawaida, isiyo na madeni ya mtu ndani yake, asikie upande wako tu: unavyomwamkia mtu mzima wa mbali, unavyomuuliza taa nyekundu inawaka au imezima, unavyorudia polepole hadi anaelewa. Mama mkwe wako ametoka Songea, anajua kijiji kilichokosa umeme kikoje usiku. Sidhani kama kuna mtu amewahi kumweleza kwamba hiyo ndiyo kazi unayoifanya.

Ratiba mwombe msimamizi wiki hii hii, kabla barua ya tatu haijaja. Fremu anza kuangalia Jumamosi asubuhi, wenye maduka wakiwa wanafagia na wana muda wa kuongea.

Dada yako